Mchele wa Marehemu Suud

"Mrehemu kwanza," alisema Sheikh Mahfoudh, na kibaba cha mchele kikabaki hewani, hakiingii kikapuni wala hakirudi guniani.

Mahbuba aliinamisha uso. Nyuma yake wanawake walikuwa wamejipanga uchochoroni, migongo wameibana ukutani kufuata kivuli kilichobaki, na wote walikuwa wakimsubiri yeye aseme. Akasema kama walivyosema waliomtangulia: "Mungu amrehemu Mzee Suud, alitie nuru kaburi lake, na ambarikie mwanawe katika mali yake."

"Amin," alijibu Sheikh, macho ameyafumba. Ndipo kibaba kikamiminwa. "Pesa weka hapo."

Mtu mwenye nafasi ya kufikiri angeuliza: sadaka gani hii inayolipiwa? Lakini mlango wa nyuma wa duka la Sheikh Mahfoudh, sokoni Matrah, haukuwa mahali pa kufikiri. Jua la Oktoba lilikuwa bado halijapata habari kwamba kaskazi inakuja, na bei ya mchele mlango wa nyuma ilikuwa nusu ya bei ya mlango wa mbele. Basi, hayo yalitosha. Mambo haya yalianza mwaka huo huo wa 1970, wiki chache baada ya serikali mpya kushika, wakati watu wa Maskati walikuwa bado wanapita lango la mji usiku bila kandili, jambo ambalo serikali ya zamani ililikataza, wakicheka wenyewe kwa raha. Sheikh alitangaza msikitini kwamba kila Jumamosi atauza mchele kwa nusu bei, na thawabu zake zimwendee marehemu baba yake. Wanaume wakasema Alhamdulillahi, kisha wakawatuma wake zao. Hakuna mwanamume aliyekubali kuonekana pale na kikapu.

Na wanawake nao hawakuruhusiwa kusimama mbele. Mbele kulikuwa na baraza, na barazani kulikuwa na wanaume na vikombe vya kahawa. Sheikh alisema kuwaweka nyuma ni kuwatunzia heshima yao. Huko nyuma, kwenye maji machafu ya jikoni na mifupa ya papa, ndiko alikoitunza.

Zamu ya Kheiria ikafika. Kheiria alikuwa jirani yake Mahbuba, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, na ulimi ule ulimponza.

"Sheikh," alisema, "mchele wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na mawe. Bwana wangu kavunjika jino."

Sheikh Mahfoudh alikulia Unguja, katika duka la baba yake Darajani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi waliopanga mstari. Alikitumia alipotaka kuchekesha. Alipotaka kumvunja mtu alihamia Kiarabu, polepole, ili kila mmoja apate kuelewa. "Unamlalamikia maiti, mama? Mchele wa marehemu unautia kasoro?"

Kheiria akamrehemu Mzee Suud mara mbili, kama anayelipa faini.

*

Jumanne asubuhi Bi Bakhita alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, akichagua mawe. Alikuwa mama yake Marhoon, mume wa Mahbuba, na miaka sita tangu watoke Unguja alikuwa hajajifunza kuuliza chakula kimetoka wapi. Mahbuba alikuwa amemwambia kwamba Marhoon ana rafiki yake sokoni anayewauzia kwa bei ya kirafiki. Ulikuwa uongo mdogo, na ulikuwa umekaa vizuri.

Ukaharibiwa na mwanasesere. Hamdiya, mtoto wao wa miaka mitano, alikuwa amemkalisha mwanasesere wake wa matambara mbele ya kopo la mchanga, naye amejifunga kilemba cha kitambaa cha sahani.

"Mrehemu kwanza!" alimwamrisha. Mwanasesere akanyamaza, kwa hiyo Hamdiya akamsemea kwa sauti nyembamba: "Mungu amrehemu Mzee Suud, ambarikie mwanawe katika mali yake." Kisha kwa sauti nene: "Amin. Pesa weka hapo."

Ungo ukasimama.

"Mahbuba."

"Labeka, mama."

"Mtoto kajifunza wapi dua hii?"

Mahbuba alitaka kusema msikitini. Alitaka kusema chuoni. Akamtazama mkwewe usoni na uongo wote ukamkimbia. Akaeleza: uchochoro, mstari, mtoto ubavuni mwake, kibaba kinachongoja hewani.

"Na weye ukaisema?"

"Nimeisema, mama. Kila Jumamosi."

"Kwa Mahfoudh." Bi Bakhita alilitamka jina lile polepole. "Mahfoudh wa Suud wa Darajani. Aliyekuwa akija kwangu sikukuu, nikimtia halua mkononi kwa sababu mamaake alikuwa mbahili wa sukari." Akauweka ungo chini, akausukuma kwa ncha za vidole. "Mie sili sadaka ya Suud."

"Mama, jana umekula. Wiki zote hizi umekula."

"Sikujua. Sasa nimejua."

Marhoon alirudi adhuhuri, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inalia. Unguja alikuwa karani wa forodha. Matrah alikuwa mtu wa kukaa nje ya ofisi moja ya serikali kila asubuhi, akisubiri kuitwa, na kuitwa kwenyewe kulikuwa mikononi mwa shemeji wa Sheikh Mahfoudh. Alipoambiwa yaliyotokea, hata hakukaa.

"Mama, nakuomba. Sheikh kaniahidi. Neno lake moja tu kwa shemeji yake nnapata kazi, na mwezi huu huu. Usinitibulie."

"Kwani nimesema kitu? Nimegombana na mtu? Nimesema sili, basi."

Na kweli hakula. Alikunywa kahawa, akala tende mbili tatu, akasema ameshiba. Mahbuba alimpikia uji, akauliza unga wa nani. Alimletea mkate, akauliza pesa za mkate zimebaki kutoka wapi, maana anayenunua mchele kwa nusu bei ndiye anayebakisha pesa ya mkate. Mwanamke yule alikuwa na hesabu kali za kujinyima. Alfajiri ya siku ya nne alisujudu akashindwa kunyanyuka, na Mahbuba alipomwinua alishtuka, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Aliogopa hasa. Alijua sasa kwamba hii haikuwa tena hasira ya mtu mzima inayopita yenyewe. Asipopata njia ya kumfanya ale, atamzika.

*

Chumba cha juu cha nyumba yao alikipanga Bwana Annappa, karani wa hesabu wa Sheikh Mahfoudh. Alikuwa mtu wa Bara Hindi, kutoka jimbo la Mysore, mwembamba, mwenye miwani na mapenzi makubwa ya kurekebisha makosa ya watu. Mahbuba alikuwa akimgeuzia kola zilizochakaa za mashati yake. Walizungumza Kiingereza, kwa sababu Kiarabu cha Annappa kiliishia kwenye tarakimu, na Mahbuba alisoma skuli ya wasichana Unguja mpaka darasa la nane.

Siku ile alikuja kuchukua shati, akamkuta Mahbuba macho mekundu.

"Bwana Annappa," alisema Mahbuba, akikata uzi kwa meno, "huyu tajiri yako anatoaje sadaka kubwa namna ile kila wiki? Mbona hafilisiki?"

Annappa alicheka. Angenyamaza ingekuwa salama zaidi kwake, lakini kosa lilikuwa limeshasemwa mbele yake.

"Sadaka? Nani amesema sadaka? Sheikh hapotezi hata baisa moja. Nusu ya bei mnalipa nyinyi na nusu inalipa serikali. Analetewa fedha yake kamili kila mwezi. Kwa Kiingereza inaitwa sabsidi."

Skuli ilimfundisha Mahbuba sehemu za ua na majina ya wake wa mfalme mmoja wa Uingereza aliyependa kuoa. Neno lile haikumfundisha.

"Maana yake nini?"

Annappa akaketi vizuri. Aliulizwa swali zuri mara chache mno katika maisha yake. "Maana yake, serikali inaona chakula ni ghali. Basi inabeba upande mmoja wa bei, na mnunuzi anabeba upande wa pili. Kwetu, kwa Kikannada, tunasema sahaya dhana. Sahaya ni msaada. Dhana ni mali, fedha."

"Msaada," alisema Mahbuba, na moyo ukamshuka. "Basi ni sadaka ile ile, ila mtoaji ni mwengine."

"Hapana, hapana, hapana!" Annappa alivua miwani. "Sikiliza. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga. Kila mwaka anakwenda asubuhi kuchukua mbegu ya sahaya dhana. Jioni anakaa nje ya hekalu na wenzake anaitukana serikali. Mbegu mbovu, zimechelewa, waziri mwizi. Mwaka wa pili anakwenda tena, anachukua tena, anatukana tena. Karani angemwambia amrehemu kwanza babake huyo karani, baba yangu angempiga kwa kiatu. Hiyo ndiyo maana yake, mama. Unachukua chako, na mdomo unabaki wako."

Kisha akajisikia alichokuwa akikisema, na uso ukambadilika rangi. Akavaa miwani, akatazama mlango. "Mimi sikusema kitu. Nimeeleza neno, kama kamusi. Kamusi haina tajiri. Shati langu liko tayari?"

*

Mahbuba aliingia ndani mbio, nusura amkanyage mwanasesere.

"Mama! Inuka ule. Si ya Suud! Mahfoudh katudanganya sote. Mchele ni wa serikali, serikali inalipa nusu, na sie tunalipa nusu. Suud hana hata punje moja!"

Bi Bakhita alikuwa amelala ubavu. Alifungua macho, akamtazama mkaza mwanawe kwa muda.

"Wa serikali?"

"Wa serikali, mama."

"Basi ndiyo umenifungia mlango kabisa."

Akaeleza, sauti ndogo. Siku waliyofukuzwa nyumbani Unguja, kijana mwenye bunduki alimpokonya funguo zake, kisha akampa mkate. Chukua, bibi, alimwambia, serikali haimwachi mtu na njaa. Bi Bakhita aliutupa mkate mchangani, akaapa mbele ya majirani.

"Nilisema Wallahi, sili cha serikali mpaka naingia kaburini. Na sikusema serikali ile tu, Mahbuba. Nilisema yoyote. Kwa mdomo wangu huu."

Mahbuba akakaa chini palepale. Alikuwa amemheshimu mwanamke huyu miaka minane, hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja, na sasa hasira zikampanda mpaka masikio yakavuma.

"Basi kufa, mama! Kufa na yamini yako. Na Hamdiya akiuliza ntamwambia bibi yake hakuuliwa na njaa wala maradhi, kauliwa na neno. Mie nimesimama kwenye maji machafu nikimwombea Suud ili weye ule, na weye unanambia mkate wa miaka sita nyuma!"

Aliposikia alichokisema alianza kulia, na katikati ya kilio, bila kujua kwa nini, akamsimulia habari za baba yake Annappa, mbegu zake, na matusi yake ya jioni. Bi Bakhita alisikiliza. Baadaye akajiinua kwa kiwiko.

"Akiitukana wapi?"

"Nje ya hekalu."

"Watu wakimsikia?"

"Wote."

"Na mwaka wa pili wakimpa mbegu?"

"Wakimpa, mama."

Bi Bakhita alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, chenye kukohoa, lakini Mahbuba hakuwa amekisikia tangu kabla ya mambo haya. "Mzee yule alikuwa na akili," alisema. "Ule mkate nilipewa ninyamaze. Ndiyo maana niliutupa." Akahesabu kitu kwa vidole. "Yamini huvunjwa. Ina kafara yake. Unalisha masikini kumi. Asoweza, afunge siku tatu. Mie naweza."

"Utaweza na nini, mama?"

Bi Bakhita akaonyesha chini ya kitanda. Mahbuba aliduwaa. Pale palikuwa na sanduku la sanda yake, na pembeni yake nusu gunia la mchele mzuri, mchele wa hitima yake mwenyewe, aliouweka ili siku akifa waje watu wasome na wale washibe, isisemwe kwamba Bakhita kazikwa kimasikini. Mchele ule walikuwa wamelala na njaa juu yake, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

"Utoe. Nikifa mtanisomea kwa maji. Kesho Jumamosi, kwa Mahfoudh wanasimama watu wengi. Ntakwenda mwenyewe kuwaalika."

Marhoon aliposikia alipiga magoti, kanzu na pasi yake. "Mama, kazi yangu."

"Kwani nakwenda kugombana, mwanangu? Nakwenda kutafuta masikini."

*

Alikwenda amemshika Mahbuba mkono, buibui lake la zamani limepauka mabegani, na kila hatua chache akasimama kupumua. Mstari ulikuwa umeshafika mwisho wa uchochoro. Bi Bakhita alianzia nyuma, kwa mwanamke kijana aliyembeba mtoto mgongoni.

"Mwanangu, nna kafara ya yamini. Natafuta masikini kumi waje wale kwangu leo adhuhuri. Utakuja?"

Mwanamke yule aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto. "Masikini? Mie? Mie nna mume, bibi, na mume wangu ana mitende Sumail! Mie nanunua mchele."

"Samahani, mwanangu." Akamwendea wa pili. Wa pili alisema babu yake alikuwa kadhi. Wa tatu alisema yeye amepitia tu kumshikia mwenzake zamu. Wa nne aligeuza uso ukutani. Kheiria alishika kiuno. "Bi Bakhita! Mie jirani yako! Nikaribishe kula, ntakuja hata bila ya kunawa, lakini si kwa jina hilo!"

Palikuwa na kikongwe mmoja, jicho moja limekufa, leso yake imeshonwa viraka juu ya viraka. Mahbuba alimwona akafarijika, akajua huyu angalau hatakataa. Kikongwe alimsikiliza Bi Bakhita mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa upole. "Tafuta wengine, mama. Mie Mungu kanitosheleza."

Bi Bakhita aliufuata mstari mzima mpaka karibu na mlango. Hakuwa akifanya mzaha, na Mahbuba alilijua hilo. Alikuja akiamini kweli kwamba atarudi na watu kumi. Sasa alisimama, anahema, amechanganyikiwa.

"Hamna?"

"Hamna!" walijibu wengine, na vicheko vikaanza.

"Hata mmoja?"

"Hata nusu, bibi!"

Uso wake ukabadilika taratibu. Akautazama uchochoro, maji machafu, ile mifupa, na wanawake wale wote wenye waume na mitende na makadhi.

"Basi kama hapa hapana masikini," alisema, "na pesa mnatoa, mnafanya nini mlango wa nyuma?"

Vicheko vikakatika.

Sheikh Mahfoudh alikuwa amemwona. Alichungulia na kibaba chake mkononi, uso umejaa tabasamu, akatoa Kiswahili cha Darajani. "Shikamoo, Bi Bakhita! Leo umetujia mwenyewe? Weye ntakutilia bure, mama yangu. Mrehemu mzee tu."

"Marahaba, mwanangu. Babako nnamrehemu nyumbani kwangu, bila ya kibaba." Akamgeukia Mahbuba. "Nipeleke mlango wa mbele."

Walizunguka kona polepole. Mahbuba hakuthubutu kugeuka. Alisikia jozi moja ya makubadhi nyuma yake, akajua kwa uzito wake kwamba ni Kheiria. Kisha akasikia nyengine, kisha uchochoro wote ukawa makubadhi.

Barazani wanaume walikuwa na vikombe mkononi. Shemeji wa Sheikh alikuwepo, mtu wa ofisi, na pembeni yake, kwenye ncha ya baraza, alikaa Marhoon na kanzu yake ya pasi. Alipomwona mama yake mbele ya wanawake wote wale, alikitua kikombe chini.

Sheikh alikuwa amepita ndani ya duka akatokea mbele. Sasa alisema Kiarabu. "Wanawake wa heshima hawasimami mbele ya wanaume."

"Heshima yangu nimekuja nayo," alijibu Bi Bakhita kwa Kiswahili. "Nipimie mchele."

"Bei ya hapa ni nyengine."

"Mchele ni wa serikali. Bei ni moja."

Sheikh aligeuza shingo kumtazama Annappa. Annappa alikuwa ameinamia meza, akijumlisha tarakimu alizokwisha kuzijumlisha, jasho likimtiririka puani. Hakuinua kichwa. Kamusi ilikuwa imefungwa.

"Nani kakwambia maneno hayo? Ni sadaka ya marehemu baba yangu! Mtaa mzima unajua!"

"Basi apa."

"Nini?"

"Apa, mwanangu. Yamini naijua mie, imenilaza njaa. Msahafu ule pale juu ya rafu. Weka mkono wako useme Wallahi, mchele huu nimeununua kwa mali yangu, serikali haimo. Ukishaapa mie narudi nyuma, nnamrehemu babako mpaka magharibi, na wote hawa pamoja na mie."

Sheikh Mahfoudh alikuwa na mengi, lakini tumpe haki yake: hakuwa mtu wa kuweka mkono juu ya msahafu kwa uongo. Aliitazama rafu. Alitazama mkono wake. Alimtazama shemeji yake, na shemeji mtu akawa anachunguza kahawa yake kama imeingia nzi.

Marhoon akasimama. Mahbuba alidhani anakuja kumchukua mama yake, na Bi Bakhita angemfuata mwanawe na yote yangeishia hapo. Marhoon alishuka barazani. Akapita mbele ya mama yake, akanyoosha mkono, akakichukua kikapu kutoka kwa mkewe mbele ya wanaume wote, akakiweka juu ya meza ya Sheikh.

"Mpimie mama yangu," alisema.

Sheikh alisita. Kisha akatupa kibaba mezani. "Annappa. Wapimie."

Annappa aliinuka mara moja, akapima. Alipima vibaba vyenye vilele, punje zikimwagika pembeni, na hakufuta juu kwa mkono kama alivyokuwa akifuta tajiri yake. Hakuna aliyeombewa. Kheiria peke yake, alipokwisha kutiliwa, alisema kwa sauti: "Mungu amrehemu Mzee Suud, masikini, hakujua hata kidogo anauza mchele!" Na wanaume wa barazani wakacheka kabla hawajakumbuka kujizuia.

*

Kesho yake shemeji mtu alimwambia Marhoon kwamba ile nafasi imekwisha kupata mtu. Marhoon alirudi nyumbani, akaivua kanzu ya pasi, akaikunja, akavaa ya kazi. "Bora," alisema, ingawa uso wake haukusema bora. Alipata kibarua bandarini cha kuhesabu magunia, siku ipo, siku haipo. Jioni alirudi na vumbi la unga kwenye nyusi, na Hamdiya akamwita babu.

Mchele wa hitima ulirudi chini ya kitanda. Mahbuba alijaribu kumshawishi mkwewe awaite watu kumi wowote, awalishe tu, Mungu anajua. Bi Bakhita alikataa. Alitafuta masikini Matrah nzima, alisema, hakupata hata mmoja, na Mungu ni shahidi wake. Kwa hiyo atafunga. Mahbuba alilia, akamwambia mwili huo hauwezi. Akaambiwa mwili huo umeshaweza mengi. Akaanza Jumanne.

Alhamisi magharibi, Bi Bakhita alifungua kwa tende na maji, akasali amekaa, kisha akasogea mkekani. Mahbuba akaweka sahani katikati, mchele wa mlango wa mbele na mchuzi wa papa. Marhoon hakugusa. Hamdiya alizuiwa mkono. Wote walikuwa wakimtazama mzee yule akivunja yamini yake ya miaka sita.

Alitia tonge la kwanza, akatafuna. Akasimama kutafuna. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kijiwe cheusi, akakiangalia karibu na taa, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Mawe," alisema.

"Nisamehe mama, nimechagua, lakini macho yangu..."

"Sikulaumu weye. Jumamosi ni kesho kutwa?"

"Kesho kutwa, mama."

"Niamshe mapema nivae. Serikali gani hii? Nusu ya bei nimetoa mie, kwa nini inilishe mawe? Nakwenda kusema, na Mahfoudh asikie, na wa ofisini wasikie." Akakata tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza. "Haya kuleni, mnanitazamia nini? Chakula kinapoa."